Namna ya kuonesha, kwa vifaa vya jikoni, jinsi seli zinavyohifadhi na kutumia nishati

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuandika mlinganyo wa upumuaji wa seli bila kukosea hata herufi moja, na bado asijue nishati hiyo imekaa wapi hasa ndani ya punje ya choroko, inatolewa kwa njia gani, na inaishia wapi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu, mwanafunzi au mzazi anayetaka kuliona jambo hilo kwa macho yake, akitumia hamira, choroko, ndizi, karanga na chupa za chai, pamoja na dawa chache zinazopatikana madukani. Majaribio yenyewe ni ya siku nyingi na yanaaminika. Linaloyaharibu mara nyingi ni kukosa kitu cha kulinganishia, na ndiyo sababu kila hatua hapa ina chupa, jani au kipande cha pili. Puto lililojaa hewa juu ya chupa moja halithibitishi lolote mpaka liwepo lingine ambalo halikujaa, na ijulikane kwa nini halikujaa.

Mambo ya kuelewa kwanza

Seli haiumbi nishati. Huipokea ikiwa katika hali moja na kuigeuza iwe katika hali nyingine, na katika kila mageuzi sehemu fulani hupotea kama joto. Mmea hupokea mwanga wa jua na kuutumia kuunganisha kabonidayoksaidi na maji kuwa sukari, kazi inayoitwa usanisinuru. Kisha mmea huohuo, pamoja na viumbe vinavyoula, huivunja sukari hiyo hatua kwa hatua ili kupata nishati ya kujenga, kusukuma na kusogeza vitu.

Ni lazima kutenganisha akiba na kile kinachotumika papo kwa papo. Akiba ni wanga na mafuta katika mimea, na glikojeni na mafuta katika wanyama. Kinachotumika papo kwa papo ni molekuli ndogo inayoitwa adenosini trifosfeti, kwa kifupi ATP, ambayo Karl Lohmann aliitenga kutoka kwenye misuli mwaka 1929, na ambayo Fritz Lipmann alieleza mwaka 1941 kwamba ndiyo inayounganisha kazi za kuvunja na kazi za kujenga katika seli. Si sahihi kusema kwamba mwili huweka akiba yake ya nishati kwenye ATP. Mtu mzima ana gramu chache tu za ATP kwa wakati wowote, hamsini au zaidi kidogo, ilhali ATP anayoitumia kwa siku moja inakadiriwa kukaribia uzito wa mwili wake mzima, jambo linalowezekana kwa sababu kila molekuli huvunjwa na kuundwa upya mara nyingi sana katika siku hiyohiyo.

Kosa lingine linalofundishwa bila kukusudia ni kusema kwamba nishati imefungiwa ndani ya kifungo cha fosfeti, na kwamba kifungo kikikatika nishati huchomoka. Kukata kifungo chochote cha kikemia hugharimu nishati. Nishati hupatikana kwa sababu ATP inapokutana na maji, vitu vinavyozaliwa, yaani ADP (ATP iliyopungukiwa fosfeti moja) na fosfeti, vina utulivu mkubwa zaidi kuliko vilivyokuwapo mwanzo, na tofauti hiyo ndiyo seli inayoitumia. Katika hali sanifu tofauti hiyo ni takriban kilojuli 30 kwa moli moja, yaani kwa idadi maalumu ya molekuli ambayo wanakemia huitumia kama kipimo. Iandike namba hii mahali, kwani tutaihitaji tutakapofika kwenye choroko.

Kuiona akiba ya wanga

Nunua iodini ya rangi ya kahawia inayouzwa maduka ya dawa kwa ajili ya vidonda, uichanganye na maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Kata kipande cha muhogo mbichi, kipande cha kiazi mviringo, na kipande cha tango, kisha dondoshea kila kimoja tone moja. Muhogo na kiazi vitageuka buluu iliyokoza hadi kuwa nyeusi, ilhali kwenye tango iodini itabaki karibu na rangi yake. Weusi huo hutokea kwa sababu molekuli za wanga zimejizungusha kama springi, na iodini huingia katikati ya mizunguko hiyo.

Baada ya hapo fanya jaribio ambalo mimi huona lina mafunzo mengi kuliko yote ya iodini: chukua ndizi tatu za chane moja, moja ikiwa mbichi kabisa, ya pili imeanza kuwa na manjano, ya tatu imeiva hadi kutoa madoa meusi kwenye ganda. Kata kila moja katikati na kuipaka iodini. Uso wa ndizi mbichi utakuwa mweusi wote. Wa ile ya pili utakuwa na weusi usio sawasawa, sehemu nyingine umekoza na nyingine umefifia. Na wa ndizi mbivu utabaki na rangi hafifu ya kahawia. Wanga uliokuwapo haukutoweka, bali vimeng'enya vya ndizi yenyewe, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, vimeukata kuwa sukari, na ulimi unathibitisha hivyo, ingawa ni lazima kuonja kipande ambacho hakijaguswa na iodini. Hapa mwanafunzi anaona akiba ikifunguliwa.

Atauliza, na ni swali zuri, kwa nini mmea haukuhifadhi sukari tangu mwanzo. Sukari huyeyuka katika maji, na seli iliyojaa sukari iliyoyeyuka huvuta maji kutoka nje kwa osmosisi. Maelfu ya molekuli za glukosi, ambayo ni sukari ndogo, yakiunganishwa kuwa punje moja ya wanga isiyoyeyuka, uvutaji huo wa maji hupungua sana, na glukosi nyingi hukaa mahali padogo bila kuisumbua seli. Ini na misuli yetu hufanya vivyo hivyo kwa kutumia glikojeni, kiasi cha gramu 100 hivi kwenye ini la mtu mzima na takriban gramu 400 kwenye misuli yote.

Ili kuonesha kwamba wanga wa jani unatokana na mwanga, tumia mche wa maharage uliopandwa kwenye kopo. Uweke gizani siku mbili ili jani litumie wanga lililo nao, kisha funika sehemu ya jani moja kwa utepe wa karatasi ya aluminiamu, juu na chini, na kuuweka mche juani kwa saa tano au sita. Lichume jani, liondoe utepe, lichemshe katika maji kwa dakika moja, halafu uzime moto kabisa. Sharti hili la kuzima moto halina mjadala, kwani hatua inayofuata inatumia spiriti, ambayo mvuke wake hushika moto kwa urahisi mno. Weka jani kwenye kikombe chenye spiriti, na kikombe hicho ukiweke ndani ya sufuria ya maji yaliyotoka kuchemka. Baada ya dakika kadhaa spiriti itakuwa ya kijani na jani litakuwa jeupe na kavu kama karatasi. Lichovye kwenye maji ya uvuguvugu lilainike, ulitandaze kwenye sahani nyeupe na kulimwagia iodini. Sehemu iliyopata mwanga itakuwa nyeusi na alama ya utepe itabaki wazi, yenye kingo zinazoonekana vizuri.

Akiba ya mafuta, na kuipima kwa moto

Sugua karanga iliyopondwa kwenye karatasi nyeupe, na kando yake sugua kipande cha kiazi. Acha karatasi ikauke. Alama ya kiazi itapotea, na ya karanga itabaki ikipitisha mwanga unapoinua karatasi dirishani. Hayo ni mafuta, na sababu ya mbegu nyingi kuyapendelea ni uzito: gramu moja ya mafuta hutoa takriban kilojuli 37, ilhali gramu moja ya wanga hutoa takriban 17. Mbegu inayopaswa kusafiri, au mnyama anayepaswa kubeba akiba yake popote aendapo, hunufaika sana na tofauti hiyo.

Nishati ya karanga inaweza kupimwa, japo kwa makadirio. Pima karanga moja kavu kwenye mizani ndogo, uichome kwenye ncha ya sindano ndefu, uiwashe, na kuishikilia chini ya kopo dogo la bati lenye mililita 20 za maji mpaka izime. Tuseme karanga ilikuwa na gramu 0.5 na maji yalipanda kutoka nyuzi 25 hadi 85. Kila gramu ya maji huhitaji juli 4.2 ili ipande nyuzi moja, kwa hiyo 4.2 ukizidisha kwa 20, kisha kwa 60, unapata juli 5,040, ambazo ni kama kilojuli 10 kwa kila gramu ya karanga. Majedwali ya vyakula huonesha zaidi ya kilojuli 23 kwa gramu. Zaidi ya nusu ya joto imepita pembeni mwa kopo au imebaki kwenye masizi, na wanafunzi waachwe waligundue hilo wenyewe kwa kuzungushia kopo karatasi ya aluminiamu na kurudia kipimo. Mwenye mzio wa karanga asikaribie jaribio hili kabisa, wala asivute moshi wake. Mbegu ya korosho nayo isitumike kwake bila ushauri wa daktari.

Kuona matumizi bila oksijeni: hamira

Andaa chupa tatu za plastiki za nusu lita, maputo matatu yaliyokwisha kupulizwa na kutolewa hewa ili yalainike, na maji ya uvuguvugu ya nyuzi 35 hadi 40, ambayo mkononi huhisi kuwa na joto lakini hayachomi. Chupa ya kwanza iwe na maji, kijiko cha chai cha hamira na vijiko viwili vya sukari. Ya pili iwe na maji na hamira peke yake. Ya tatu iwe na maji, sukari, na hamira iliyochemshwa kwanza kwa dakika tano na kuachwa ipoe. Kila chupa ivalishwe puto mdomoni. Kiasi cha maji kiwe sawa, maputo yawe ya aina moja, na chupa zote zikae mahali pamoja.

Baada ya nusu saa hivi povu laini litapanda kwenye chupa ya kwanza, puto litasimama, na ukiliondoa utasikia harufu ya pombe changa. Chupa ya pili inaweza kuonesha dalili ndogo, kwa kuwa seli za hamira zina akiba yake ndani, na hilo lisifichwe bali lielezwe. Chupa ya tatu haitafanya lolote. Mlinganisho huo wa tatu ni wa thamani kubwa, kwani unaonesha kwamba sukari haivunjiki yenyewe kwa sababu tu imo ndani ya maji ya uvuguvugu. Inahitaji vimeng'enya vizima, na joto la kuchemsha limeviharibu. Mwaka 1897 Eduard Buchner alisaga hamira pamoja na mchanga, akakamua majimaji yasiyo na seli hai hata moja, na akaona kwamba majimaji hayo bado yanachachusha sukari. Kazi hiyo, iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907, ndiyo iliyofungua mlango wa kuchunguza uvunjaji wa sukari kama mfululizo wa matendo ya kikemia.

Gesi ithibitishwe kwa maji ya chokaa. Koroga chokaa nyeupe ya kupakia kuta ndani ya maji, iache itulie usiku kucha, na kumimina polepole yale maji safi ya juu, ukilinda macho kwa sababu yanaunguza. Ukiipitisha gesi ya puto kwenye maji hayo kwa mrija, yatageuka meupe kama maziwa, nayo ndiyo dalili ya kabonidayoksaidi.

Sasa fikiria faida ambayo seli ya hamira imepata. Kwa kila molekuli ya glukosi inayochachushwa, faida halisi ni molekuli mbili tu za ATP. Moli moja ya glukosi ikiteketezwa kabisa hutoa takriban kilojuli 2,800 za joto, lakini moli mbili za ethanoli zinazotokana nayo bado zinaweza kutoa takriban kilojuli 2,740 zikichomwa. Kwa maneno mengine, karibu nishati yote imeachwa ndani ya pombe, na ndiyo maana spiriti uliyotumia kwenye jani inawaka vizuri hivyo. Bila oksijeni hamira huishi, lakini hulazimika kula sukari nyingi mno kwa faida ndogo. Misuli yetu nayo inapozidiwa na kazi hupata ATP mbili hizohizo kwa kila glukosi, isipokuwa yenyewe huzalisha asidi ya laktiki badala ya ethanoli, yaani pombe.

Kuona matumizi yenye oksijeni: choroko kwenye chupa ya chai

Loweka choroko usiku kucha, uzitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku moja mpaka vijizizi vianze kuchomoza, kisha zigawe mafungu mawili yenye uzito sawa. Fungu moja lichemshwe kwa dakika kumi na kupozwa kabisa. Suuza mafungu yote mawili kwa maji yenye dawa kidogo ya klorini ya kufulia, halafu kwa maji safi mara kadhaa. Usiruke hatua hii: bakteria na ukungu hukua kwa haraka kwenye mbegu zilizokufa, nao hupumua na kutoa joto, na baada ya siku tatu utakuta chupa ya mbegu zilizochemshwa imepata joto na kudhani kwamba jaribio limekataa.

Weka kila fungu kwenye chupa yake ya chai, ingiza kipimajoto mpaka ncha yake iwe katikati ya mbegu, na uzibe mdomo kwa pamba. Usitumie kizibo, kwa kuwa mbegu zinahitaji oksijeni. Soma vipimajoto asubuhi na jioni, pamoja na joto la chumba, na uandike katika safu tatu. Chupa ya mbegu hai itapanda kwa nyuzi kadhaa juu ya nyingine, na ukiingiza kidole utahisi uvuguvugu wa mbegu zenyewe.

Joto hilo linastahili kupigiwa hesabu. Kwa kutumia oksijeni, seli hupata takriban molekuli 30 hadi 32 za ATP kwa kila glukosi. Zidisha 30 kwa kilojuli 30, unapata 900, wakati nishati inayoweza kufanya kazi kutoka kwenye moli hiyo ya glukosi ni takriban kilojuli 2,870, ambayo haipimwi kwa njia moja na lile joto la kilojuli 2,800 la kuiteketeza. Kwa hesabu ya hali sanifu, basi, karibu theluthi moja imewekwa kwenye ATP, na sehemu kubwa ya iliyobaki ndiyo iliyopandisha kipimajoto. Ndani ya seli hai hali si sanifu na mgawo wa ATP huwa mkubwa zaidi, lakini hakuna seli inayokwepa kupoteza joto. Ndege na mamalia hulitumia joto hilohilo kuendesha miili yenye joto lisilobadilika.

Kinachofanyika mahali pasipoonekana

Uvunjaji wa glukosi huanza kwenye saitoplazimu, yaani majimaji mazito ya seli, ambapo hukatwa vipande viwili na kutoa zile ATP mbili tulizoziona kwa hamira. Penye oksijeni, vipande hivyo huingia kwenye mitokondria, vyumba vidogo ndani ya seli, na kupitia mzunguko ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937 akiwa Sheffield, Uingereza, ambamo kaboni hutolewa kama kabonidayoksaidi na elektroni zenye nishati hukabidhiwa kwa vibebaji maalumu. Hapa ndipo wengi hudhani ATP nyingi hutengenezwa. La hasha. Elektroni hizo hupita kwenye mfululizo wa protini zilizopandwa katika utando wa ndani wa mitokondria, na mwendo wao hutumika kusukuma protoni kutoka upande mmoja wa utando hadi mwingine, mpaka protoni zinarundikana nje. Oksijeni hupokea elektroni mwishoni na kuwa maji.

Mwaka 1961 Peter Mitchell alipendekeza kwamba mrundikano huo wa protoni ndio unaoendesha utengenezaji wa ATP, wazo lililopingwa kwa miaka mingi kabla ya kumpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1978. Mwanafunzi wa Tanzania anaweza kulielewa kwa kufikiria mto Ruaha Mkuu: maji hukusanywa kwenye bwawa la Mtera, na yanaposhuka hadi Kidatu huzungusha mitambo inayofua umeme. Katika utando wa mitokondria kazi ya mtambo hufanywa na kimeng'enya cha ATP sinthesi, ambacho huzunguka kweli. Protoni zikipita, kiini chake hugeuka, na kila mzunguko mmoja kamili hutoa ATP tatu. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walibandika uzi unaong'aa wa aktini, aina ya protini, kwenye kiini hicho, wakakipa ATP ili kifanye kazi kinyumenyume, na wakautazama uzi ukizunguka chini ya darubini. Mwaka huohuo Paul Boyer na John Walker walitunukiwa Nobel kwa kueleza namna kimeng'enya hicho kinavyofanya kazi.

Kloroplasti ya jani la maharage, yaani chumba cha seli kinachofanya usanisinuru, ina kimeng'enya cha jamii hiyohiyo, isipokuwa protoni zake husukumwa kwa nguvu ya mwanga. Jani hilo pia lina mitokondria zinazopumua mchana na usiku, na dhana kwamba mimea hupumua usiku pekee inaweza kuondolewa kwa jaribio la mwisho. Chukua chupa tatu za kioo za ukubwa mmoja zenye vizibo, weka kwenye kila moja kikombe kidogo cha maji ya chokaa, na kwenye mbili kati yake majani mabichi ya kutosha kando ya kikombe. Moja uizungushie kitambaa cheusi, nyingine uiache penye mwanga mkali lakini kivulini ili isipate joto, na ya tatu isiyo na majani iwe ya kulinganishia. Baada ya saa chache maji ya chokaa ya chupa ya gizani yatakuwa yameingia weupe. Ya penye mwanga yatabaki karibu sawa na yale ya chupa tupu, kwa kuwa kabonidayoksaidi inayotoka kwenye mitokondria inachukuliwa na kloroplasti kabla haijafika nje ya jani. Kwa kuwa chupa tupu nayo ina hewa yenye kabonidayoksaidi kidogo, weupe wa gizani upimwe dhidi yake, si dhidi ya maji ya chokaa yaliyotoka kumiminwa.